Harusi Chini ya Saa ya Stesheni

Dari la ukumbi mkuu wa Union Station mjini Kansas City, Marekani, liko mita 29 juu ya sakafu. Hapo zinaning'inia thurea tatu, kila moja ina uzito wa kilo 1,600 hivi, na karibu nazo imetundikwa saa yenye uso wa upana wa karibu mita 2. Mpambaji aliyezoea kumbi za hoteli, mwenye vitambaa vyake vya satini na matao ya maua ya plastiki, akiingia humo mara ya kwanza huona vitu vyake vyote vimenywea. Hiyo ndiyo habari ya kwanza kwa yeyote anayetaka kufanya tafrija ya harusi katika stesheni ya zamani iliyokarabatiwa, na ni habari njema: fungu la mapambo linaweza kukatwa nusu. Fedha hizo zitahitajika kwingine.

Zitahitajika kwa sababu stesheni haikujengwa watu wakae. Ilijengwa wapite: wanunue tiketi, waagane, waondoke. Sakafu ni ya jiwe ili ihimili mamilioni ya viatu, dari liko juu kwa ajili ya joto la umati, milango ni mingi na upepo hupita utakavyo. Harusi hutaka kinyume chake. Hutaka watu mia tatu watulie kwa saa tano, wasikie wosia wa baba mzazi, wale chakula kingali moto, na bibi mwenye magoti mabovu afike chooni bila safari ndefu. Kamati inayolijua hilo mapema hupata sherehe ya kusimuliwa. Inayosaini mkataba kwa kulewa picha hupata ukumbi mzuri ambamo hakuna aliyesikia lolote.

Majengo haya yangeweza kabisa kuwa kifusi leo. Union Station ya Kansas City, kazi ya msanifu majengo Jarvis Hunt, ilifunguliwa tarehe 30 Oktoba 1914. Abiria walipohamia kwenye ndege na magari, jengo likaachwa lichakae, na katikati ya miaka ya 1980 hata Amtrak, kampuni ya treni za abiria, ikahama. Mwaka 1996 wapigakura wa pande zote mbili za mpaka wa majimbo ya Kansas na Missouri walikubali kujitoza kodi ndogo ya mauzo ili kuliokoa, likafunguliwa upya mwaka 1999 baada ya ukarabati uliogharimu takriban dola milioni 250. Treni za abiria zilirudi mwaka 2002. Huko St. Louis, upande wa pili wa Missouri, stesheni iliyofunguliwa mwaka 1894 iliaga treni yake ya mwisho mwaka 1978, na mwaka 1985 ikazaliwa upya kama hoteli na maduka. Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ina stesheni ya mwaka 1933 yenye nusu kuba ya upana wa mita 55. Ilifanywa makumbusho mwaka 1990, na ukarabati wake mkubwa wa dola milioni 228 ulikamilika mwaka 2018.

Historia hii inamhusu bwana harusi moja kwa moja. Jengo la karne nzima hula fedha kila mwaka, na kodi ya kumbi ni sehemu ya chakula chake. Ndiyo maana ofisi ya matukio huwa na watu wazoefu, na bei ya Jumamosi ya kiangazi hushuka kwa shida. Ndiyo maana pia mkataba huja na kurasa za makatazo: hakuna msumari, hakuna gundi ukutani, hakuna mishumaa ya moto, hakuna kurusha mchele wala karatasi za rangi. Fundi mmoja akitoboa jiwe la mwaka 1914, hakuna duka linalouza jingine.

Kwa kijana wa Kikongo, Kikenya au Kitanzania aliyekulia St. Louis au Kansas City, stesheni hizi ni majengo ya mji wake, na si ajabu akatamani kuolewa au kuoa ndani yake. Swali la kwanza analopaswa kuuliza si la bei. Aulize: treni bado zinakuja?

Jibu hilo hugawa stesheni mafungu matatu, na kila fungu lina maisha yake. Kuna zilizogeuzwa hoteli, kama St. Louis, au Union Station ya Nashville iliyojengwa mwaka 1900 na kufanywa hoteli mwaka 1986. Hizi ndizo rahisi kuliko zote: wageni wa mbali hulala juu, wakwe hupanda ngazi kubadilisha nguo, na jiko liko hatua chache. Ubaya wake ni kwamba ukumbi mkuu mara nyingi ndio mapokezi na baa ya hoteli, kwa hiyo mgeni asiyejulikana anaweza kuwa amekaa na glasi yake pembeni wakati maharusi wanaingia. Kuna zilizogeuzwa makumbusho, kama Cincinnati. Huko kuna utulivu usiku, ila wapambaji hawaingii mpaka watoto wa shule na watalii watoke. Na kuna zinazoendelea na kazi. Ukumbi mkubwa wa Union Station ya Chicago, uliofunguliwa mwaka 1925, ni mahali pa abiria kungojea treni mchana kutwa. Los Angeles wamelitatua tatizo hili vizuri: ukumbi wa zamani wa kukatia tiketi, katika stesheni ya mwaka 1939, hautumiki tena na abiria, hivyo hukodishwa kwa sherehe huku treni zikiendelea na zake upande wa pili wa ukuta.

Kansas City ni mchanganyiko wa hayo mawili ya mwisho: makumbusho ya sayansi, mikahawa na treni chini ya paa moja. Treni za mizigo nazo hupita nyuma ya jengo usiku na mchana, maana mji huo ni moja ya makutano makubwa ya reli nchini Marekani. Wengine hulipenda hilo. Asiyelipenda alijue kabla ya kulipa.

Baada ya jibu la treni, maswali ya mkataba yafuate kwa maandishi, yote kabla ya malipo ya awali. Ukumbi unafungwa kwa umma saa ngapi? Wapambaji wana saa ngapi za kupanga meza, na ngapi za kuondoa? Saa ya ziada inatozwaje? Wapishi wa nje wanaruhusiwa, au kuna orodha? Bima ya tukio inatakiwa ya kiasi gani? Kiwango kinachotajwa mara nyingi Marekani ni dola milioni 1, na familia nyingi hustuka zikikisikia. Ni kiwango cha fidia itakayolipwa pakitokea ajali, na ada yenyewe ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Mwisho, idadi ya juu ya watu kwa mujibu wa zimamoto ni ngapi kukiwa na meza na jukwaa? Nambari ya watu waliosimama huwa kubwa zaidi, na ndiyo inayopenda kuandikwa kwenye vipeperushi.

Nambari hiyo ya zimamoto ina uzito wa pekee kwa harusi zetu. Nyumbani, kadi ya watu wawili huleta wanne, na hakuna anayekosa sahani. Hapa chakula kimelipiwa kwa kichwa, viti vimehesabiwa, na mlinzi mlangoni hajui kwamba yule mzee ni mjomba wa bibi harusi kwa upande wa mama. Kamati iwe na orodha iliyochapwa kwa majina ya ukoo, na mtu wa nyumbani asimame mlangoni pamoja na mlinzi, mtu mwenye sura ya upole na ulimi wa kukataa.

Sasa sauti, ambayo ndiyo jambo kubwa kuliko yote.

Mlangoni mwa stesheni ya St. Louis kuna tao maarufu. Mtu akisimama upande mmoja wa tao hilo na kunong'ona ukutani, mwenzake aliye upande wa pili, mita 12 hivi, husikia kila neno, na aliye katikati hasikii kitu. Maharusi hupenda kupigia picha hapo, mmoja ananong'ona, mwingine anacheka. Wakimaliza kucheka wakumbuke kwamba jengo hilohilo ndilo litakalopokea kipaza sauti cha mshereheshaji. Jiwe, plasta na kioo havinywi sauti, huirudisha. Katika ukumbi wa Kansas City, neno likipanda mpaka darini na kushuka limetumia karibu sehemu ya sita ya sekunde, na halirudi mara moja: hugonga ukuta, hugonga sakafu, likarudi tena na tena. Mshereheshaji mwenye mbio za redio atakuwa anasema neno la tano wakati la kwanza bado linazunguka juu ya vichwa vya watu. Wageni watasikia mngurumo mmoja mrefu wenye jina la bwana harusi ndani yake.

Dawa wanayoikimbilia wengi ni kuongeza sauti, na ndiyo inayoharibu zaidi. Spika mbili kubwa mbele ya jukwaa, zikielekezwa juu ya vichwa, humwaga nguvu zote darini. Fundi anayelijua jengo hutumia spika nyingi ndogo, zikae karibu na meza, ziwe chini, zielekezwe kwenye vifua vya watu, kisha sauti ya kila moja ishushwe. Mwili wa binadamu hunywa sauti vizuri kuliko jiwe, kwa hiyo ukumbi uliojaa huwa mtulivu kuliko ukumbi mtupu wa mchana wa majaribio. Vitambaa vizito vya meza vinavyogusa sakafu husaidia, na mazulia mbele ya meza kuu husaidia zaidi. Hapa ndipo zile fedha zilizookolewa kwenye maua zinapokwenda.

Muziki nao uchaguliwe kwa kuzingatia paa. Taarabu yenye fidla, ganuni na sauti moja ya mwimbaji hupendeza mno chini ya dari refu, kwa kuwa noti ndefu hupata muda wa kutanda. Sebene yenye gita tatu na ngoma za kasi hugeuka uji. Bendi ya rumba si lazima ikataliwe. Iwekwe kwenye ukumbi wa pembeni wenye dari la chini, na stesheni nyingi zinao, watu wahamie huko saa ya kucheza. Hotuba ziwe chache, zisomwe pole pole. Vigelegele tu ndivyo havihitaji fundi. Wanawake ishirini wa Mombasa au Bukavu wakipiga kigelegele kwa pamoja chini ya kuba la stesheni, hata walinzi huinua macho.

Jambo la pili kwa ugumu ni moshi, na kamati nyingi hulisahau mpaka siku yenyewe.

Katika ukumbi wa juu namna hii, kitambua moshi cha kawaida cha darini kinaweza kuchelewa, kwa sababu moshi hupoa na kutawanyika kabla ya kufika. Kwa hiyo kumbi nyingi za aina hii hutumia vifaa vinavyorusha mwali wa mwanga kutoka ukuta hadi ukuta. Chochote kinachoufifisha mwali huo huita zimamoto. Sasa fikiria shangazi aliyetoka Lamu na chetezo chake, amekuja kumfukiza bibi harusi udi kabla hajaingia. Nia njema kabisa, na kila mtu anataka harufu ile. Lakini kengele ikilia, jengo zima huondolewa watu, na katika stesheni inayofanya kazi hao ni pamoja na abiria wanaongojea treni. Njia iliyo salama ni kufukiza nguo, leso na nywele nyumbani mchana, na kuacha chetezo huko huko. Chumba cha hoteli nacho kina kitambua moshi chake. Ukumbini udi uje kwa mafuta yaliyopakwa viganjani mwa wageni mlangoni. Asumini na vikuba vinaruhusiwa kwa kuwa huvaliwa. Petali za waridi sakafuni ziulizwe kwanza, kwani zikikanyagwa huacha rangi kwenye jiwe.

Rangi kwenye jiwe inaleta habari ya bizari. Mawe ya chokaa na marumaru hunywa mafuta, na pilau, mchuzi wa samaki na biriani yenye zafarani ni mafuta yenye rangi. Meza ya chakula itandikiwe zulia au turubai chini, na isiwekwe kamwe juu ya samani za asili. Los Angeles kuna kaunta ndefu ya tiketi ya mti wa jozi ambayo kila mpishi akiiona huona meza ya masufuria. Aitazame tu.

Suala la nani anapika lisemwe waziwazi. Kumbi nyingi hulazimisha wapishi walio kwenye orodha yao, na hoteli hulazimisha jiko lake. Hilo halina maana kwamba wageni watakula kuku asiye na chumvi. Hoteli kubwa huwa tayari kukubali mapishi ya familia ikipewa maelezo na siku ya kuonja. Wengine huleta mpishi wa nyumbani asimamie. Familia ya Kiislamu iulize nyama inatoka kwa nani na iombe cheti cha halali, isiridhike na neno la mdomo. Iulize pia kuhusu kima cha chini cha matumizi, maana mara nyingi hesabu hiyo imejengwa juu ya mauzo ya pombe. Harusi isiyo na pombe inaweza kuomba kima hicho kijazwe na juisi, chai ya tangawizi, kahawa na vitafunio vya usiku. Wachaga wanaotaka ndafu, yaani mbuzi wa kuchomwa, aingie kwa shangwe akiwa mzima na jani mdomoni watahitaji mambo mawili: mpishi mwenye leseni atakayemchoma kwingine, na mtu wa kumweleza meneja mapema ni kitu gani kitapita mlangoni saa mbili usiku.

Umeme hauonekani kwenye picha, nao ndio huzima sherehe. Soketi ya kawaida ya Marekani hutoa volti 120, na saketi moja ya ampea 20 haipaswi kubebeshwa zaidi ya wati 1,920 kwa muda mrefu. Vipasha chakula viwili vya wati 1,000 kila kimoja vimekwisha kuipita. Wapishi, DJ na taa za mapambo wapewe saketi tofauti, na fundi umeme wa jengo aonyeshe zilipo. Jengo limekarabatiwa, lakini soketi haikuota katikati ya ukumbi wa jiwe. Nyaya zitapita sakafuni, na zifunikwe vizuri, hasa pale mabuibui na magauni marefu yatakapopita.

Kuhusu mwanga, kalenda ndiyo inayoamua. Kansas City mwishoni mwa Juni jua huzama saa tatu kasoro dakika 12 usiku. Mwishoni mwa Desemba huzama karibu na saa kumi na moja jioni. Tafrija ya Juni inayoanza saa kumi na mbili jioni itapata karibu saa tatu za mwanga wa bure kupitia madirisha makubwa ya mbele, na taa za kukodi zitakuwa hazionekani kabisa. Tafrija hiyohiyo ya Desemba huanza gizani, na bila taa za kumulika kuta kutoka chini, dari litapotea na kubaki shimo jeusi. Chicago ina paa la kioo mita 35 juu ya sakafu, lililopakwa lami wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa hofu ya ndege za adui, na mwanga wake umerudi sawasawa baada ya ukarabati wa miaka ya hivi karibuni. Penye ukumbi kama huo usio na abiria, sherehe ya mchana hung'aa kuliko ya usiku, na mara nyingi ni ya bei nafuu zaidi, ingawa watu wa kwetu wana mazoea ya kuamini kwamba harusi ya mchana haijakamilika.

Kalenda hiyohiyo ina habari kwa Waislamu. Magharibi ya Juni huingia katikati ya chakula. Kiombwe chumba cha pembeni chenye maji karibu, ratiba iachwe wazi kwa dakika 20, na mshereheshaji atangaze bila kusukumwa. Chumba hicho hufaa baadaye kwa watoto waliosinzia.

Kadi nazo ziandikwe kwa uangalifu. Mgeni aliyetoka Tanga wiki iliyopita akiambiwa saa sita kwa Kiingereza anaweza kuja adhuhuri au asije kabisa; iandikwe saa kwa Kiswahili na chini yake saa ya huko. Halafu kuna ule uchelewaji wetu. Ukumbi ukilipiwa mpaka saa sita usiku, saa sita usiku taa zitawaka zote na wafagiaji wataingia. Hila inayokubalika ni kuandika muda ulio dakika 45 kabla ya ule halisi, na kuwaambia ukweli wapambe na wapiga picha tu. Mahali pa kukutana napo paandikwe kwenye kadi: watu wa Kansas City kwa vizazi wameambiana wakutane chini ya saa ya stesheni. Kwa wageni wasiojua jengo, ni maelekezo mepesi kuliko ramani yoyote.

Wageni wa mbali hawana taabu sana huko. Daraja la vioo lililoinuliwa juu ya barabara huunganisha stesheni na hoteli za jirani, kwa hiyo wazee wanaweza kutoka chumbani hadi ukumbini bila kukanyaga theluji. Tramu ya mjini husimama mbele ya jengo, tena ni bure. Wa kutoka St. Louis wanaweza kuja kwa treni chini ya saa sita. Picha za nje zisipigwe mlangoni: upande wa kusini, kwenye kilima cha mnara wa kumbukumbu wa Liberty Memorial, maharusi husimama na nyuma yao stesheni nzima na majengo ya katikati ya mji. Wapiga picha wote wa mji huo wanakijua kilima hicho, hivyo Jumamosi ya Mei hapo kuna foleni ya mashela.

Ikiwa ndoa yenyewe itafungwa stesheni, kuna kipengele cha sheria kinachowakwaza watu wa mji huu uliogawanywa na mpaka. Jengo liko Missouri. Leseni ya ndoa ichukuliwe Missouri, ambako haina siku za kungojea na hutumika ndani ya siku 30. Wanaoishi ng'ambo, upande wa Kansas, wakichukua leseni ya huko watangoja siku tatu, na leseni hiyo haifai kitu ndani ya stesheni. Uingereza mambo ni tofauti tena. Hoteli ya St Pancras mjini London, iliyofunguliwa mwaka 1873, ikafungwa mwaka 1935 na kurudi mwaka 2011, ina ngazi ambayo kila shela hutamani kuburuzwa juu yake. Lakini ndoa ya kiserikali England hutangazwa siku 28 kabla kwenye ofisi ya msajili, na ndani ya ndoa hiyo hairuhusiwi ibada. Nikahi hufanyika kando, siku nyingine au chumba kingine, na yenyewe peke yake haitambuliwi kisheria isipokuwa imefungwa katika jengo lililosajiliwa na kwa kufuata taratibu za sheria ya ndoa.

Anayesoma haya akiwa Nairobi ana jumba la makumbusho ya reli, lililoanzishwa mwaka 1971 karibu na stesheni. Hapo kuna vichwa vya treni za mvuke vya kupigia picha na nafasi ya wazi zaidi kuliko ukumbi, hivyo hesabu yake ni ya mahema, jenereta na mvua, na ruhusa iandikwe. Behewa namba 12 lipo pia, lile ambamo simba alimnyakua Mrakibu Ryall wa polisi, kule Kima mwezi Juni 1900. Ni behewa zuri kwa picha, mradi nyanya wa bibi harusi asisomewe maelezo yake kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo hoteli hazina na stesheni chache zinaweza kutoa: maharusi kuondoka kwa treni mbele ya wageni wao. Treni ya Southwest Chief hutoka Chicago mchana, hufika Kansas City usiku kati ya saa nne na saa tano, kisha huvuka Kansas, Colorado, New Mexico na Arizona mpaka Los Angeles, ambako hufika asubuhi ya siku ya pili baada ya harusi. Chumba cha kulala huja na milo. Tiketi ziandikwe kwa majina yaliyo kwenye vitambulisho, si majina mapya ya ndoa, na zikatwe miezi kadhaa kabla, kwa kuwa vyumba ni vichache. Mizigo ikabidhiwe mpambe mmoja asiyekunywa. Gauni la harusi lenye mkia halipiti kwenye korido ya behewa, kwa hiyo bibi harusi abadilishe saa tatu na nusu, baada ya keki. Ratiba ithibitishwe wiki hiyo, na siku yenyewe mtu mmoja awe anafuatilia treni kwenye simu, maana treni za masafa marefu Marekani huchelewa mara kwa mara, wakati mwingine kwa saa nzima na zaidi. DJ aambiwe asifunge vyombo mpaka treni iondoke.